Barua ya wazi kwa Mkuu wa Chuo na Kamati ya Taaluma kuhusu majina ya mifumo endeshi katika kitini chetu

Kwa:
Mkuu wa Chuo,
Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Taaluma,
Jopo la kuandaa kitini cha TEHAMA kwa Kiswahili.

YAH: MAJINA YA MIFUMO ENDESHI NA SEHEMU ZAKE KATIKA KITINI NA MITIHANI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa maabara ya kompyuta katika chuo chenu, huu ni mwaka wangu wa nane. Jina la chuo silitaji, kwa heshima yenu na ya wanafunzi. Nimeileta barua hii hadharani baada ya kupita milango yote ya ndani. Mwezi wa tatu nilimwandikia mkuu wa idara. Mwezi wa tano nikaiandikia Kamati ya Taaluma na kuambatanisha kurasa saba za masahihisho. Mwezi wa saba nikapewa dakika tano kwenye kikao cha walimu. Mara zote nilijibiwa kwamba suala limepokelewa na litafanyiwa kazi. Mwezi wa tisa kitini kikachapwa upya vilevile kilivyokuwa, nukta kwa nukta, na mtihani wa muhula ukatungwa kutoka humo.

Katika mtihani huo swali la 6 liliuliza: "Linux ni nini?" Mwanafunzi mmoja wa astashahada aliandika: "Linux ni kerneli. Ikiunganishwa na zana za GNU na programu nyingine ndipo tunapata mfumo endeshi kamili, kwa mfano Debian au Ubuntu." Kwa asiyezoea maneno haya: mfumo endeshi ni programu kuu inayoiendesha kompyuta, na kerneli ni sehemu yake ya katikati. Alipewa sifuri, na pembeni kwa wino mwekundu: "Soma kitini." Kitini, ukurasa wa 14, kinasema: "Linux ni mfumo endeshi uliotengenezwa na Linus Torvalds mwaka 1991." Alikuja maabara na karatasi yake mkononi. Hakuja kulalamika. Aliniuliza tu: "Mwalimu, nikifika kazini niseme ipi, hii ya mtihani au ile uliyotufundisha kwenye mashine?"

Hoja zangu ni hizi.

1. Kitini kinakiita kitu kizima kwa jina la sehemu yake moja.

Tarehe 27 Septemba 1983 Richard Stallman, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya akili bandia ya MIT, alitangaza kwamba ataandika mfumo endeshi mzima utakaokuwa huru kutumiwa, kusomwa, kubadilishwa na kugawanywa na mtu yeyote. Aliupa jina GNU, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "GNU si Unix", Unix ikiwa mfumo endeshi uliokuwapo kabla yake. Yeye na wenzake walianza na zana: kihariri cha maandishi cha Emacs, kikusanyaji cha GCC (kinachogeuza msimbo kuwa programu) kilichotoka 1987, ganda la Bash (programu inayopokea amri za mtumiaji) lililotoka 1989. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa na karibu kila kitu isipokuwa kile kinachokaa katikati na kuzungumza na vifaa vya mashine, yaani kerneli. Ya kwao, iitwayo Hurd, ilikuwa inasuasua.

Tarehe 25 Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki mwenye miaka 21, alitangaza kwa watumiaji wenzake wa Minix, mfumo endeshi mdogo wa kufundishia, kwamba anaandika mfumo wake kwa kujifurahisha. Alichokitoa kilikuwa kerneli, ile ile iliyokosekana kwa akina Stallman. Hata jina lenyewe halikuwa chaguo lake la mwisho: alikusudia kuiita Freax, ila Ari Lemmke, aliyekuwa akitunza seva ya kupakulia mafaili kule Finland, akaiweka kwenye folda aliyoiita linux. Jina likaganda. Mwaka 1992 Torvalds akaitoa chini ya leseni ya programu huru iitwayo GPL, ambayo iliandikwa kwa ajili ya GNU. Mwaka 1993 Ian Murdock akaanzisha Debian, jina alilolipata kwa kuunganisha Debra, jina la mchumba wake wakati huo, na Ian, la kwake. Mradi huo ukajiita Debian GNU/Linux, na unajiita hivyo hadi leo.

Sasa niambieni, katika historia hiyo ni wapi mtu mmoja alitengeneza mfumo endeshi mwaka 1991?

Najua jibu mtakalonipa, kwa sababu nimeshapewa: dunia nzima inasema Linux. Ni kweli, hata mimi nikiwa dukani kwa fundi nasema hivyo na naeleweka. Stallman ameomba kwa miaka mingi watu waseme GNU/Linux, na wapo wengi wanaomkatalia kwa sababu zao. Sikiombi chuo kiingie katika ubishi huo. Ipo mifumo kama Alpine, ambayo kerneli yake ni Linux lakini maktaba yake ya msingi (msimbo unaotumiwa kwa pamoja na programu nyingi) ni musl na zana zake ni BusyBox, si za GNU. Huo ukiuita GNU/Linux utakuwa umekosea. Na ipo Android, yenye kerneli ya Linux na zana za GNU hazimo. Ndiyo maana tunahitaji majina mawili, moja la kerneli na moja la mfumo. Kama Linux ndiyo mfumo endeshi, basi simu ya Android iliyo mfukoni mwa mwanafunzi na kompyuta ya Ubuntu iliyo mbele yake zina mfumo endeshi mmoja. Mwacheni achukue programu ya Ubuntu ajaribu kuisakinisha kwenye simu yake, ndani ya dakika mbili atajua kwamba kitini kimemdanganya.

Kama mnaona mimi ni mbishi, karibuni maabara. Kaeni kwenye mashine yoyote yenye Ubuntu, fungueni dirisha la amri, andikeni uname -s. Itajibu: Linux. Kisha andikeni uname -o. Itajibu: GNU/Linux. Amri ya kwanza imeuliza jina la kerneli, ya pili jina la mfumo endeshi. Mwanafunzi aliyepewa sifuri alijibu kama mashine inavyojibu.

2. Tafsiri za sehemu za mfumo zimechukuliwa kwenye kamusi bila kutazama kitu chenyewe.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye maumivu ya kila siku.

Neno "kernel" kitini kimelitafsiri "punje". Nafikiri aliyetafsiri alifungua kamusi, akakuta punje ya mahindi, akaandika. Lakini punje kwenye gunzi ni nyingi, zote zinafanana, na ukibandua moja gunzi bado ni gunzi. Mwanafunzi anayesikia "punje ya mfumo" anapata picha ya kipande kidogo kimoja kati ya vingi. Kumbe chenyewe ni kimoja tu, na kikianguka mashine nzima imeanguka. "Shell" nalo limekuwa "gamba". Gamba tunalijua kwa samaki: ni mengi, na kazi yetu kwake ni kumparua na kuyatupa. Neno la shell kwa maana hii, lililoanzishwa na Louis Pouzin mwanzoni mwa kazi ya Multics, mfumo endeshi wa miaka ya 1960, linaleta picha ya kitu kimoja kinachozunguka kingine. Kitini kimechukua neno moja shambani na jingine sokoni Feri, na hayo mawili hayajawahi kukutana kwenye kitu kimoja.

Na jozi tunayo, kila siku iko jikoni. Yai lina ganda na lina kiini. Ganda ndilo mkono unalolishika. Kiini kiko ndani, huwezi kukifikia bila kupita kwenye ganda. Ukimwambia mwanafunzi kwamba Bash ni ganda na Linux ni kiini, amekwisha kuelewa nani anaongea na mtumiaji na nani anaongea na vifaa, kabla hujachora chochote ubaoni. Nimelijaribu hilo darasani kwa mihula minne. Kwa hiyo kuanzia hapa nami nitaandika kiini badala ya kerneli.

Halafu kuna "kiendeshi". Kitini kimelitumia neno hili kwa diski, kile kifaa cha kuhifadhia mafaili, na pia kwa programu inayokiwezesha kiini kuongea na kifaa, ile mafundi wote wanaopiga windo mitaani wanayoiita draiva. Vitu viwili tofauti kabisa, jina moja, wakati mwingine kwenye ukurasa mmoja. Muhula uliopita zoezi la vitendo lilisomeka: "Ondoa kiendeshi cha zamani cha mashine, kisha weka kipya." Mtungaji alikusudia draiva ya kadi ya mtandao. Nilikuwa upande wa pili wa chumba nikimsaidia mwanafunzi mwingine, nikasikia sauti ya bisibisi. Kijana alikuwa ameshafungua kasha la mashine, amechomoa waya wa umeme wa diski na ule wa data, na skrubu nne amezipanga vizuri juu ya meza kama nilivyowafundisha. Diski ameishika kwa mkono wa kushoto. Akaniuliza mpya iko wapi. Sikuweza kumkemea, alikuwa amefuata maagizo. Mashine ilikuwa imezimwa, tukashukuru Mungu. Ingekuwa inaandika data wakati ule tungekuwa na hasara.

Kuna na "pepo". Hili ndilo neno kitini kilichochagua kwa "daemon", programu inayofanya kazi nyuma bila mtumiaji kuiita, kama ile sshd inayosubiri mtu aingie kwenye seva kutoka mbali. Tazameni, herufi d mwishoni mwa jina ndiyo alama yake. Neno lilianza kutumika hivyo MIT katika mradi wa utafiti wa kompyuta ulioitwa Mradi wa MAC, miaka ya mwanzo ya 1960, likiazimwa kutoka kwenye fizikia: James Clerk Maxwell aliwahi kumfikiria kiumbe mdogo anayekaa mlangoni akichambua molekuli bila kuchoka. Waliompa jina kiumbe yule hawakuwa na habari za mashetani. Kwetu pepo ana maana yake, ana waganga wake na ngoma zake, na kwa wengine ni jambo la kukemewa kanisani au kusomewa dua. Kitini kinamwambia mtoto wa watu kwamba "pepo huanza kufanya kazi mara mashine inapowashwa." Nimeshika nakala ya mwanafunzi mmoja aliyelikata neno hilo kwa kalamu kila lilipotokea, mara kumi na moja, na juu yake akaandika "programu". Napendekeza "mhudumu wa nyuma". Mwenye neno bora alilete.

Sitakaa kwenye "kompyuta" ya sura ya kwanza inayogeuka "tarakilishi" sura ya tatu, na "kipanya" kinachogeuka "puku". Yote ni maneno yanayotumika Afrika Mashariki, chagueni moja mliendeleze.

3. Mwongozo wa usahihishaji unampa alama aliyekosea na kumnyima aliyepata.

Swali la 11: "Katika Windows ya biti 64, ni folda ipi inayohifadhi maktaba za mfumo za biti 32?" Mwongozo unasema jibu ni System32. Jibu hilo si sahihi. Katika Windows ya biti 64, folda ya System32 ina mafaili ya biti 64, na mafaili ya biti 32 yako SysWOW64. Jina linapotosha kila mtu mara ya kwanza, nakubali. Microsoft waliliacha jina la System32 kwa sababu programu nyingi zilishaandikwa zikiitaja folda hiyo kwa jina, na zingekwama kama lingebadilishwa. WOW64 ni kifupi chenye maana ya Windows ya biti 32 juu ya Windows ya biti 64. Ukijua hilo jina linaanza kusomeka.

Hili lina gharama nje ya darasa. Mwanafunzi wetu aliyekuwa mafunzo kwa vitendo alitumwa kurejesha faili la maktaba lililopotea la programu ya zamani ya mahesabu ya duka, ya biti 32. Akaliweka System32, kama alivyofundishwa na sisi. Programu ikagoma kufunguka. Alinipigia saa mbili usiku akiwa bado dukani, mwenye duka amekaa pembeni yake anamtazama.

4. Wanafunzi wanakaririshwa majina ya matoleo bila kuambiwa yanahesabiwaje.

Ukurasa wa 22 una orodha ya majina ya Android: Froyo, Gingerbread, Lollipop na kuendelea, nayo huulizwa kwenye mtihani. Ni majina ya vitu vitamu ambavyo wengi wao hawajawahi kuvionja. Google wenyewe mwaka 2019 waliacha kuyatangaza majina hayo, wakaanza na Android 10, na sababu mojawapo waliyoitoa ni kwamba hayaeleweki kwa watu wote duniani. Walitaja hata lugha ambazo l na r hazitofautishwi zikitamkwa. Sisi tunaoishi na wenzetu ambao r na l kwao ni mamoja tungekuwa wa kwanza kuliona.

Ukurasa unaofuata unasema Ubuntu 24.04 ni "toleo la ishirini na nne". Namba hiyo ni tarehe: mwaka 2024, mwezi wa 4. La kwanza lilikuwa 4.10, Oktoba 2004. Kiini cha 24.04 kilipotoka kilikuwa na namba yake, 6.8, na mwanafunzi asiyejua kwamba mfumo una namba yake na kiini kina yake hawezi kusoma hata taarifa ya hitilafu. Vivyo hivyo Windows 11 ukiiuliza kwa amri ya ver inajitaja kuwa 10.0.

Kuhusu jina Ubuntu lenyewe, kitini kimeandika ni "jina la kibiashara lisilo na maana maalumu". Waheshimiwa, hilo liliniuma. Ni neno la Kizulu na Kixhosa, ndugu wa damu wa neno letu utu. Mzungumzaji wa Kiswahili halihitaji kamusi.

Najua yatakayosemwa.

Mtasema wanafunzi wa ngazi hii hawahitaji undani huo. Undani upi? Kujua kwamba diski si draiva? Hawa ndio watakaoshika mashine za watu, zenye hesabu za duka na majina ya wagonjwa.

Mtasema Kiswahili bado hakijawa na maneno. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na waliofanya kazi ile ilibidi wakae kwanza watengeneze faharasa ya istilahi. Maneno hupatikana watu wakikaa na kitu chenyewe mbele yao.

Mtasema istilahi ni kazi ya mamlaka za lugha. Sawa, nazo ziheshimiwe. Lakini "punje" na "pepo" hatukupewa na mamlaka yoyote, tulijipa wenyewe, na tulichojipa tunaweza kukirekebisha.

Na mtasema kitini kimeshachapwa na fedha hakuna. Hili ndilo lenye uzito, nimelifikiria. Ndiyo maana siombi kichapwe upya.

Ninachoomba ni haya:

(a) Majibu ya swali la 6 na la 11 yasahihishwe upya kwa wanafunzi wote kabla matokeo hayajathibitishwa, na waliopata sifuri kwa jibu sahihi wapewe alama zao.

(b) Itolewe karatasi ya masahihisho, kurasa mbili zinatosha, ibanwe kwa stepla ndani ya kila nakala iliyopo. Kuiandika na kuidurufu nitafanya mwenyewe bila malipo.

(c) Zoezi la vitendo lenye neno "kiendeshi" lisimamishwe leo. Si kesho.

(d) Kabla ya muhula mpya kufunguliwa, liitishwe jopo la siku moja: walimu wa Kiswahili, walimu wa maabara, na mafundi wawili kutoka mtaani, kwa sababu wao ndio wanaoyatumia maneno haya kuanzia asubuhi hadi jioni. Kazi ya jopo iwe moja, kila kitu kimoja kipate jina moja, na jina hilo litumike hadi kwenye karatasi ya mtihani.

(e) Nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 21. Jibu la "hapana" lenye sababu nitalipokea.

Zile kurasa saba za masahihisho nimezidurufu tena na kuziacha kwa katibu muhtasi leo asubuhi, nakala tano. Yule mwanafunzi wa swali la 6 anaanza mafunzo kwa vitendo mwezi ujao. Ningependa aondoke na karatasi yake ikiwa imesahihishwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa maabara ya kompyuta